Mtu Aliyeharibu Wimbo wa Ungo

Vijana wangu wa nyumba ya phonie, redio yetu ya kuitana na watu wa mbali, nimewaachia ufunguo, betri mbili, daftari kumi na moja za ujumbe, na kiti ambacho mguu wake mmoja niliufunga kwa mpira wa baiskeli. Msikifungue. Kiti hicho kimebeba wanaume wazito kuliko lori la ndagala na hakijawahi kulalamika. Mmeniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa wakati wa vita. Habari za vyeo sitaziandika, maana vilikuwa viwili tu: mkubwa, na mimi. Nitawaandikia jinsi nilivyofundishwa kusikiliza. Watu wanaopita barabarani wakiona antena yetu wanadhani kazi yetu ni kusema. Waacheni wadhani hivyo.

Nilishuka Baraka, huku kando ya ziwa, kutoka Lubondja milimani nikiwa na cheti cha shule ya usiku. Mchana nililima mihogo, usiku nilisoma kwa taa ya mafuta, na katika darasa la watu wazima kumi na wanane nilikuwa wa kwanza kwa Kifaransa, hasa kwa ile kazi ya kuchambua sentensi: huyu ni mtenda, hili ni tendo, hiki kimetendwa. Cheti hicho nilikitundika mahali ambapo hata mbuzi wakipita wangekisoma. Nikaenda parokia kuomba kazi, wakanipeleka kwa Muzee Asukulu.

Muzee Asukulu ndiye aliyekuwa mkubwa wa phonie. Alikuwa mfupi, kifua kipana, na midomo iliyokuwa na alama ya duara katikati kama muhuri. Alama hiyo ilitokana na tarumbeta, maana siku za Jumapili alipiga katika fanfare, bendi ya tarumbeta ya kanisa lake la Kiprotestanti, na siku za kazi alitumikia chombo cha Wakatoliki. Alisema Mungu ni mmoja, ila antena nzuri iko kwa Wakatoliki.

“We unajua kusema?” akaniuliza siku ya kwanza.

“Najua sana, Muzee. Niko na cheti.”

“Muzuri. Basi nyamaza juma mbili.”

Nikanyamaza majuma mawili, na hapo wale walionijua Lubondja walikuja dirishani kuona muujiza. Nilifundishwa kupima maji ya betri, kupangusa vumbi la sola asubuhi kabla ya jua kukaza, kusikia kwa sikio tu kama waya wa antena umeguswa na tawi. Kila kituo kilikuwa na jina la samaki. Sisi tulikuwa na chombo kikubwa kuliko vyote pwani, kwa hiyo tuliitwa Ndagala, jina la dagaa, samaki mdogo kuliko wote. Kituo cha ng’ambo ya ziwa, Tanzania, kiliitwa Mukeke. Mtu akimaliza kusema anasema “à vous”, yaani zamu yako, anaachia kidude cha kubonyeza, na mwingine anabonyeza cha kwake. Mkibonyeza wote wawili, hamsikilizani.

Jambo gumu lilikuwa kitufe kidogo cha kusafisha sauti. Nyinyi mnakijua. Ukikipeleka kushoto kidogo tu, padri anaongea kama bata. Ukikipeleka kulia, mama anaongea kama mwanaume aliyefungiwa ndani ya pipa. Mtu anasafiri siku mbili aje asikie sauti ya mwanawe, na wewe unampa bata. Muzee alikizungusha kitufe hicho kwa ncha ya kidole, macho amefumba, kama mtu anayetoa mwiba kwa mtoto.

Siku za Jumamosi, saa nane mchana, vituo vyote vilipumzika kwa saa moja ili betri zipate nguvu. Mimi nilidhani tutakwenda kula. Muzee alifunga mlango, akavuta redio yake ndogo ya masafa mafupi, akatafuta kituo kimoja cha Ulaya, na hapo ndipo niliposikia jazz kwa mara ya kwanza. Mtu alikuwa anapuliza saksafoni kama amepanda kwenye paa na hajui kushuka.

“Muzee, huyu muntu anatafuta nini?”

“Anatafuta wimbo.”

“Aliupoteza wapi?”

“Hakuupoteza. Ameuweka pembeni kidogo, anauzunguka, anauangalia.”

Mtangazaji alieleza kwa Kifaransa, nami nikamfasiria Muzee ili cheti kifanye kazi. Alisema wimbo huo zamani ulikuwa wa kawaida kabisa, wa kuimbwa kwenye tamthilia na sinema, wa mama anayeosha vyombo na fundi aliye juu ya ngazi. Kila mtu kule kwao aliujua. Ndipo hawa wanamuziki wakauchukua. Wanaanza kwa kuupiga kama ulivyo, ili msikilizaji ajue ni upi. Halafu kila mmoja kwa zamu yake anatoka nao nje, anaupeleka anakotaka. Mwishoni wanaurudisha nyumbani wote pamoja.

Nilishangaa kuliko nilivyowahi kushangaa, na mimi niliwahi kumwona kiboko huko Kazimia, kusini kwetu, akiwa na urefu wa nyumba ya padri. Kwa nini mtu auache wimbo mzuri? Anakwenda kufuata nini? Na anajuaje njia ya kurudi? Nikanunua daftari. Jumamosi iliyofuata nilianza kuuchambua muziki kama sentensi: mtenda ni saksafoni, tendo ni kupotea, na kilichotendwa ni wimbo maskini. Niliandika dakika aliyotoka na dakika aliyorudi. Muzee akatazama daftari langu kwa muda mrefu.

“Sasa hapo,” akasema akionyesha mstari, “alipokuwa njiani, we ulikuwa unasikia wimbo?”

“Hapana, Muzee. Nilikuwa nasikia fujo.”

“Njo maana. Wimbo hauko kwake tena. Uko kwako. Uimbe we mwenyewe ndani ya roho, polepole, kama unatembea. Ye umuache aende zake. Utasikia.”

Nilijaribu, nikashindwa. Nikajaribu tena. Ilikuwa kama kubeba ndoo ya maji kichwani huku mtu anakuchekesha. Kila mara saksafoni ilinivuta, ndoo ikamwagika. Jumamosi ya nne au ya tano walipiga wimbo mmoja mara tatu, watu watatu tofauti. Wa kwanza aliupiga kwa huzuni. Wa pili alikimbia nao kama amesikia risasi. Wa tatu, mpiga piano, aliupiga taratibu mno, ungeweza kwenda kisimani ukarudi ukamkuta bado yuko kwenye neno lile lile. Na kwa huyo wa tatu, kwa sababu alinipa nafasi, niliweza kuushika. Nilikuwa nauimba ndani, naye akawa anazungumza nao: mahali nilipopanda yeye alisubiri, mahali niliponyamaza yeye akaniuliza swali. Nyuma yake ngoma zilipigwa kwa brashi, zikisikika kama mtu anayefagia kiwanja kabla wageni hawajafika. Nikacheka peke yangu, kwa sauti.

“Umesikia,” akasema Muzee.

“Nimesikia, Muzee. Kumbe tuko wawili!”

“Muko wawili. Bila we, ule muntu anapiga kelele tu.”

Tangu siku hiyo sikukosa Jumamosi hata moja. Nilianza kuwatambua wapigaji bila kutajiwa majina yao, kwa jinsi walivyopotea. Mmoja alipenda kuchelewa. Mwingine aliruka neno la kwanza la kila mstari, kama mtu anayeruka ngazi iliyooza. Wimbo mmoja ule ule, lakini kila mtu alikuwa na mlango wake wa kutokea, na hakuna aliyeweza kutumia mlango wa mwenzake.

Ndipo nikaelewa kwa nini akina mama wa Baraka walikuwa wanamgombeza Muzee Asukulu kila harusi.

Huku kwetu kulikuwa na wimbo wa kumsindikiza bibi-arusi, wimbo wa ungo. Uliimbwa Baraka, uliimbwa Lubondja, na hata familia za wafugaji waliokuwa wanashuka kutoka milimani kuuza siagi walikuwa nao kwa maneno yao wenyewe. Chukua ungo wako, dada, njia ni ndefu, ndivyo ulivyoanza. Bibi-arusi anaufuata hatua kwa hatua, ungo kichwani, na wimbo ndio unaomwambia aweke mguu wapi. Fanfare ikialikwa, Muzee alipiga mstari wa kwanza sawasawa kwa tarumbeta. Mstari wa pili alichelewa. Wa tatu alishaondoka.

“Muzee, unaharibu!” shangazi za bibi-arusi walipiga kelele. “Binti hajui aweke muguu wapi!”

“Aweke pale mama anamwambia,” alijibu akivuta pumzi, akaendelea kuharibu.

Mama aliyemsema alikuwa mke wake, Mama Riziki, mshonaji, mwanamke mrefu mwenye sauti iliyonyooka kama uzi wa kupimia ukuta. Yeye ndiye aliyeongoza waimbaji. Mumewe aende anakotaka, Mama Riziki hakutikisika hata nukta. Aliimba wimbo wa ungo kama ulivyo, kisigino kikipiga chini, na bibi-arusi alitembea juu ya kisigino hicho mpaka mlangoni kwa mume. Nilimwuliza siku moja kama hachoki.

“Nachoka na nini? Njo kazi ya nyumba yetu. Ye anapotea, mi nabaki. Siku moja mi nitapotea, tuone kama atajua kubaki.”

Halafu vita vikaja. Askari walikuja, wengine wakaondoka, wengine wakaja na jina jipya. Sitaeleza nani alikuwa nani. Mimi mwenyewe kuna majuma nilihitaji daftari. Siku mapigano yalipofika kusini, Muzee Asukulu alikuwa Kazimia, juu ya mlingoti, anafunga antena ya kituo cha huko. Watu walikimbilia mitumbwi. Wengine walisema walimwona akipanda. Wengine walisema mtumbwi ule haukufika. Sisi wa Baraka tulikimbilia milimani, tukakaa huko miezi, tukarudi, na nikaikuta nyumba ya phonie bila mlango lakini chombo chenyewe kipo, maana nilikuwa nimekifukia chini ya mihogo. Nikawa mkubwa. Ndipo nilipogundua kwamba hicho cheo hakina faida yoyote.

Mama Riziki alirudi na watoto watatu na cherehani yake kichwani. Kila siku ya kazi alikuja dirishani.

“Mukeke wanasema nini?”

“Bado, mama.”

“Muzuri. Kesho.”

Mwaka mzima, vijana. Shemeji zake walimwambia aweke matanga. Yeye aliendelea kuuliza.

Wakati huo walizuka wezi wa ziwani. Walikwenda kwenye phonie ng’ambo, wakajifanya mume wa fulani: “Mimi niko hai, njoo, ulete cherehani, ulete mbuzi.” Mke anapanda mtumbwi, katikati ya maji anaporwa kila kitu, na wapo waliotoswa. Majina ya watu na vijiji tulikatazwa kuyataja hewani, kwa sababu kila mwenye bunduki alikuwa anasikiliza. Kibembe, lugha yetu ya nyumbani, pia kilikatazwa. Kiswahili na Kifaransa tu, lugha ambazo askari aliyewekwa kutusikiliza aliweza kufuata. Huyo askari tulimwita Sikio, ila si mbele yake. Alikaa kwenye kona ya chumba, bunduki magotini, na kila ujumbe niliouandika daftarini aliusaini.

Basi sisi wa vituo tukabuni njia yetu. Anayeita kutoka ng’ambo lazima aimbe kitu ambacho familia itamwomba, wimbo wa nyumbani. Akiimba sawasawa, nagonga muhuri kwenye karatasi: sauti imetambuliwa. Ukiwa na karatasi hiyo, unapata nafasi kwenye mtumbwi wa Kazimia. Niliipenda sana njia hii. Ilikuwa yangu, karibu yote.

Siku moja, saa nne asubuhi, Mukeke wakaita. Kuna mume anamtafuta mke wake mshonaji. Nilituma mtu mbio. Mama Riziki akaja na sindano bado imechomekwa kwenye kitambaa cha kifuani. Sauti ya ng’ambo ilikuwa nyembamba, mikwaruzo mingi. Nilizungusha kitufe mpaka kidole kikauma, ikabaki sauti ya mwanaume yeyote.

“Mwambie aimbe wimbo wa ungo,” akasema Mama Riziki.

Nikamwambia. Mtu wa ng’ambo akaimba. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, maneno yote mahali pake, hakukosea hata pumzi. Kisha akasema aje upesi, asisahau cherehani, à vous.

Nilikuwa nimeshasimama. Nilikuwa nacheka, nalia, na muhuri nilikuwa nimeugonga kwa nguvu hata wino ukaruka kwenye sare ya Sikio.

“Njo yeye, mama! Umesikia? Hakukosa ata neno moja!”

Mama Riziki alikuwa ameketi chini sakafuni.

“Si yeye.”

“Mama, sikia vizuri, ameimba—”

“Ameimba muzuri sana,” akasema. “Miaka kumi na tisa niko na ule muntu. Ata siku moja hajaimba wimbo huu sawa. Ata jikoni. Ata kwa kuoga. Nani alimufundisha kunyooka, ng’ambo kule?”

Nikabonyeza kidude. Nikamwambia mtu wa ng’ambo: sasa utoe ule wimbo kama unavyoutoa wewe, si kama unavyoimbwa. Akauliza, “Namna gani tena?” Nikarudia. Opereta wa Mukeke akaja mwenyewe hewani baada ya muda, akasema yule bwana ameondoka mbio, ameacha hata kofia.

Niliichana ile karatasi. Lakini nyinyi mnaochukua kiti changu, nataka mjue jambo ambalo sikulisema wakati ule. Kabla ya siku hiyo nilikuwa nimegonga mihuri mingine. Watu wameimba sawasawa, nami nikafurahi, nikagonga. Wengi walifika, nilipata habari zao. Wengine sikupata habari. Mimi ninayejua kuhesabu samaki mmoja kuwa mia, hesabu hiyo sijaweza kuikuza wala kuipunguza. Ipo kama ilivyo. Na mtu aliyekaa Jumamosi zote hizo na Muzee Asukulu, akijisifu kwamba anawatambua wapigaji kwa jinsi wanavyopotea, ndiye aliyebuni mtihani wa kunyooka.

Tukaubadilisha mtihani. Hatukuomba tena wimbo. Tuliomba kile ambacho mtu huyo hukosea: jinsi anavyokohoa kabla ya sala, neno analoliruka, mahali anapocheka vibaya. Mke wa mvuvi mmoja alimtambua mumewe kwa jinsi alivyohesabu, kwa sababu tangu utoto aliruka saba. Kazi ikawa ndefu, foleni ikafika kwenye mwembe wa parokia, na Sikio alinung’unika kwamba hajawahi kulinda kituo cha wazimu kama hiki.

Majuma matatu hivi yakapita. Ilikuwa karibu saa sita, jua limekaza, betri zimeshiba. Mama Riziki alikuwa amekuja kuuliza swali lake, nami nilikuwa nimeshafungua kinywa kusema “bado”. Mukeke wakaita. Opereta wa ng’ambo alisema kuna mgonjwa ametoka kambi ya mbali, bara kabisa, amefika kwa miguu. Kifua kimemharibu, sauti hana, anang’ang’ania apewe kidude. Amepewa.

Tukasikia pumzi. Halafu mluzi.

Mimi, mkubwa wa kituo, nilidhani ni chombo. Mluzi kwenye phonie unafanana sana na kituo kingine kinapokukanyaga hewani. Mkono wangu ukaenda kwenye kitufe.

“Acha mukono!” Mama Riziki akanishika kiganja akakibana juu ya meza. Ana vidole vya mshonaji; alama nilikaa nayo mpaka jioni.

Mluzi ulianza na mstari mmoja ulionyooka, mwembamba kama unyasi. Mstari wa pili ukachelewa. Wa tatu ukapanda mahali ambapo wimbo wa ungo haujawahi kupanda tangu bibi-arusi wa kwanza aumbwe, ukakaa huko, ukaanza kushuka kwa vijihatua.

“Hiyo ni nini?” Sikio alikuwa amesimama. “Hakuna maneno hapo. Ni mafumbo! Funga!”

“Afande, ni wimbo.”

“Wimbo gani hauna maneno? Miye nijazie hiyo kwenye rapoti? Funga, ao nakata waya!”

Na kweli aliushika waya wa betri. Nilijua akiukata, Mukeke watadhani tumeshambuliwa, watafunga. Mgonjwa atarudishwa kambini, na mwaka mwingine utaanza. Nikaanza kueleza. Nilieleza kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, nikataja tamthilia, saksafoni, mtenda na tendo. Sikio alinitazama kama mtu anayefikiria aanze na waya au na mimi.

Mama Riziki hakueleza chochote. Alisimama katikati ya chumba, kisigino kikapiga chini mara moja, mara mbili, akaanza kuimba wimbo wa ungo kama ulivyo, akimtazama Sikio machoni. Chukua ungo wako, dada. Sauti iliyonyooka. Na juu yake, kutoka ng’ambo ya maji, ule mluzi ukaendelea kupotea. Mahali alipopanda yeye ulisubiri, mahali alipopumua ukaingia. Yule mtu hakuwa anamsikia. Alikuwa amebonyeza kidude, hakuweza kumsikia. Alikuwa anajua tu atakuwa wapi.

Mkono wa Sikio ulilegea. Niliona midomo yake inatembea. Alikuwa kijana wa mbali, hatukujua kwao. Lakini wimbo huo, au ndugu yake, alikuwa ameusikia mahali fulani nyuma ya ungo wa mtu.

“Anaharibu,” akasema polepole.

“Sana, afande,” nikamwambia.

“Lakini anajua anakoenda.”

Mluzi ulirudi nyumbani, ukakatika kwa kikohozi, na opereta wa ng’ambo akasema à vous. Mama Riziki alikuwa ameshika kidude kwa mikono miwili, ameinamisha paji la uso juu yake. Halafu akabonyeza.

“Mwaka muzima unanyamaza,” akasema, “halafu unakuya na mluzi. Unakula? Nani anakupikia? Usijibu, unakohoa. Nakuya. Nakuya na batoto bote. Cherehani inabaki. Umesikia? Inabaki. À vous.”

Nikagonga muhuri. Muhuri ukakaa upande, nao ndio muhuri wangu mzuri kuliko yote. Waliondoka Alhamisi kwa pikipiki mbili, na Ijumaa wakapanda mtumbwi wa Kazimia. Cherehani aliiweka hapa, chini ya meza ya chombo. Mnaijua, mnawekea juu yake sufuria ya chai.

Jumamosi hawakuita. Jumapili tulifungua kituo ingawa si siku ya kazi. Sikio alikuja bila kuitwa, akakaa kwenye kona yake. Ziwa lilikuwa limechafuka tangu Ijumaa usiku, wavuvi hawakutoka. Nilijaribu kusoma, nikajaribu kupima maji ya betri ambayo nilikuwa nimeyapima mara nne. Saa nane mchana, Mukeke wakaita, wakasema tu: Ndagala, sikilizeni.

Ikaja sauti ya mwanaume, iliyokwaruzwa, isiyo na nguvu, inaimba wimbo wa ungo. Sawasawa. Polepole, neno baada ya neno, kama mtu anayevuka daraja la miti. Nikamkumbuka yule mwizi wa cherehani. Nilimtazama Sikio, naye alikuwa ameshakunja uso.

Kisha, kwenye kidude kile kile, mdomo kando ya mdomo, akaingia mwanamke. Alichelewa mstari mzima. Akaruka neno la kwanza, akapanda, akavunjika, akacheka katikati, akaenda mahali ambapo hata mumewe hakuwahi kufika na tarumbeta, na nyuma yake watoto walikuwa wanapiga kelele, “Mama, unaharibu!” Sauti ya mwanaume haikumfuata. Ilibaki pale pale, ikitetemeka, ikimngoja arudi.

Nilifumba macho nikaushika wimbo ndani, kwa upande wangu, ili tuwe watatu.

Walipomaliza, Sikio alivuta daftari, akatoa kalamu, akatazama nafasi ya ujumbe iliyokuwa tupu.

“Niandike banasema nini?”

“Andika: bamefika bote.”

Akaandika. Akasaini.